SOMO LA 6: VYAMA VYA KUWALEA WASICHANA NA VIJANA, NA KWA NINI VINATUHUSU



Masomo matano yaliyotangulia yalihusu mambo ya ndani ya lango: mkataba wa kazi, saa za ziada, likizo, ajali, na namna ya kuandika malalamiko. Wenzetu kadhaa wameuliza kwa nini somo la leo linahusu wasichana. Wamesema hayo ni mambo ya akina mama, ya makanisa na misikiti. Tunawajibu hivi: msichana wa miaka 14 anapoacha shule Kaberebere, hakai bure. Baada ya siku chache utamwona Mbarara akiosha sufuria za watu, au shambani akibeba mikungu ya ndizi, kwa ujira ambao mtu mzima angeukataa. Na mtu mzima akiukataa, mwenye kazi hana wasiwasi, maana amekwisha kuijua bei ya yule mtoto.

Tuanze na mshahara basi, maana ndiyo lugha tunayoielewa sote. Kima cha chini kilichotangazwa Uganda mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kuweka utaratibu mpya wa kima cha chini, na Rais hakuutia sahihi. Pale ambapo sheria haiweki sakafu yenye maana, sakafu huwa ni yule aliye tayari kupokea kidogo kuliko wote. Mara nyingi huyo ni msichana aliyeacha shule, au aliyezaa akiwa mdogo na sasa ana mdomo wa pili wa kulisha. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika kila wasichana 100 wa Uganda wenye umri wa miaka 15 hadi 19, wasichana 24 walikuwa wamekwisha kushika mimba. Ni karibu mmoja katika kila wanne. Tukihesabu nyumba za wafanyakazi katika kambi moja ya shamba, hatuhitaji kwenda mbali kuwapata.

Kwa hiyo tunapozungumza juu ya vyama vinavyowainua wasichana na vijana, tunazungumza juu ya watoto wetu, na pia juu ya nguvu yetu ya kudai haki kazini.

Mahali tunapopazungumzia

Kaberebere ni mji mdogo wa Wilaya ya Isingiro, kusini ya Mbarara, kwenye njia iendayo Kikagati na mto Kagera; ng'ambo ya mto ni Tanzania. Isingiro ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbarara mpaka mwaka 2005. Ni nchi ya ndizi, na mtu asimamaye kando ya barabara ataona malori ya matoke yakipanda kuelekea mjini. Katika wilaya hiyo hiyo kuna ziwa Nakivale na makazi ya wakimbizi yenye jina hilo, ambayo ni miongoni mwa makazi ya kale kabisa ya wakimbizi katika Afrika. Yalitambuliwa rasmi mwaka 1960, yakiwapokea watu kutoka Rwanda. Baadaye wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine, na leo wanaokaa humo ni zaidi ya laki moja. Msichana wa Bukavu na msichana wa Bujumbura wakikutana kwenye foleni ya maji husemezana Kiswahili. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilikubali kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima mashuleni. Pale bombani kilikuwa rasmi siku nyingi bila baraza.

Mambo mawili yamewabana vijana wa eneo hili katika miaka ya karibuni. La kwanza ni kufungwa kwa shule wakati wa Korona. Kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022 shule za Uganda zilifungwa, nyingine zikifunguliwa kwa muda na kufungwa tena. Ni miongoni mwa vifungo virefu kuliko vyote duniani. Msichana aliyekuwa darasa la sita akiwa na miaka 13 alirudi akiwa na miaka karibu 15, kama alirudi. La pili ni chakula. Mgao wa wakimbizi ulianza kupunguzwa mwaka 2020, na mwaka 2023 familia ziligawanywa katika mafungu kwa kadiri ya shida zao, hata wale waliohesabiwa kuwa wanajiweza wakaondolewa katika mgao. Chakula kinapopungua nyumbani, wa kwanza kutumwa nje kutafuta huwa msichana. Naye akitoka hukutana na soko la kazi ambalo ndilo letu pia.

Ulezi si jambo la kigeni

Neno linalotumiwa na mashirika siku hizi ni "uwezeshaji", na yule anayewaongoza wasichana huitwa mlezi au mshauri. Wengine wetu hudhani ni mambo yaliyoletwa na wafadhili. Sivyo. Katika Ankole msichana alikuwa na shwenkazi, yaani shangazi yake upande wa baba, ambaye kazi yake ilikuwa kumfundisha mambo ya utu uzima. Waganda wana ssenga. Pwani ya Waswahili mwanamwali alikuwa na somo wake, na kungwi wa unyago. Ndiyo maana neno hili "somo" tunaloandika hapo juu ya ukurasa lina maana ya mafunzo na pia ya mtu anayekufunza.

Tusiyasifu yote ya zamani. Mengi ya mafunzo hayo yalikuwa ya kumwandaa binti aolewe mapema na anyamaze. Lakini kiti cha shangazi kilikuwepo, na msichana alikuwa na mtu mzima asiye mama yake ambaye angeweza kumwuliza jambo la aibu. Kilichotokea kwetu sisi wafanyakazi ni kwamba tulihama. Baba alikuja kuchuma chai Bushenyi au kufanya kazi katika kiwanda cha maziwa Mbarara, shangazi akabaki kijijini. Mkimbizi wa Nakivale ni zaidi: shangazi yake alibaki Masisi, au hajulikani aliko. Chama cha wasichana, kikiwa kizuri, kinakaa katika kiti hicho kilichoachwa wazi. Kikiwa kibaya, kinakaa hapo na kupiga picha.

Vyama vya namna hii vina umri mrefu Uganda. Girl Guides waliingia nchini mwaka 1914, na YWCA ya Uganda ilianzishwa mwaka 1952. Mwaka 1995 Winnie Byanyima, mzaliwa wa Mbarara aliyewahi kuwa mbunge wa mji huo, alianzisha shirika la FOWODE, linalowafundisha wanawake na wasichana uongozi na kusoma bajeti ya serikali. (Jambo hili la kusoma bajeti tungependa wanaume wa chama chetu nao wajifunze.) Ndani ya Nakivale kuna pia vikundi vilivyoanzishwa na wakimbizi wenyewe, ambapo kijana aliyetoka Kongo anawafundisha wenzake biashara na ufundi bila kusubiri mgeni. Hatuna nafasi ya kuvieleza vyote. Tutakaa zaidi na mfano mmoja, kwa sababu umepimwa, tena umepimwa mara mbili na kutoa majibu mawili.

Klabu za ELA: zilivyofanya kazi

BRAC ni shirika lililoanzia Bangladesh, likafika Uganda mwaka 2006. Mwaka 2008 lilianza kufungua klabu za wasichana zilizoitwa ELA, kwa ajili ya wasichana wa miaka 14 hadi 20, walio shuleni na walioacha. Klabu ilikuwa wazi siku tano kwa wiki, alasiri, ili mwanafunzi aweze kuja baada ya masomo. Haikuwa na mwalimu wa kutumwa kutoka Kampala. Mlezi alikuwa msichana wa pale pale kijijini, mkubwa kidogo kuliko wenziwe, aliyepewa mafunzo na posho ndogo. Walicheza, waliimba, walisoma, na katikati ya hayo walifundishwa mambo ya aina mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni ya maisha: mwili wao, mimba, magonjwa, kubakwa, mahari, na sheria inasemaje. Ya pili ni ya mkono: kushona, kusuka nywele, kufuga kuku, kilimo, biashara ndogo na hesabu zake.

Wachunguzi walichagua vijiji na mitaa 150. Mia moja ikapewa klabu, 50 haikupewa, na uchaguzi ulifanywa kwa bahati nasibu ili asiwepo wa kusema walichagua vijiji vizuri. Baada ya miaka minne walilinganisha. Mahali palipokuwa na klabu mimba za wasichana zilikuwa zimepungua kwa karibu theluthi moja. Ndoa za mapema nazo zilipungua. Waliosema kuwa walilazimishwa kulala na mwanamume bila kutaka walikuwa wachache zaidi. Na wasichana wenye shughuli ya kuwaingizia pesa waliongezeka kwa asilimia 48.

Hapa tusimame kidogo, maana somo hili ni la hesabu pia. Asilimia 48 inasikika kama kwamba nusu ya wasichana walipata kazi. Sivyo. Mwanzoni waliokuwa na shughuli ya pesa walikuwa kama 10 katika kila 100; mwishoni mahali penye klabu walikuwa kama 15. Wameongezeka watu watano, na watano juu ya kumi ni karibu nusu. Hesabu zote mbili ni za kweli. Mwenye shirika atapenda kukuambia ile kubwa. Mwajiri naye hufanya vile vile anapotangaza nyongeza ya "asilimia 20" kwa mtu anayelipwa kidogo sana. Kila mara tuulize: asilimia ya nini, na kutoka ngapi kwenda ngapi? Hata hivyo wasichana watano zaidi katika kila mia, katika kijiji ambacho hakuna kiwanda kilichofunguliwa, si jambo la kudharau.

Jambo jingine la kulitazama: mambo yale mawili yalifundishwa pamoja. Msichana anayejua mwili wake lakini hana senti atamkataaje mwanamume anayemnunulia pedi na sabuni? Na msichana mwenye cherehani lakini hajui kusema hapana, pesa yake itakwenda kwa nani? Tunapoona mradi unaohubiri tu, au unaofundisha kushona tu, tujue ni mguu mmoja.

BRAC hao hao walipeleka klabu hizo Sierra Leone. Ebola ilipoingia huko mwaka 2014 na shule kufungwa, wasichana wa vijiji vilivyokuwa na klabu walipata mimba kidogo kuliko wa vijiji visivyokuwa nazo, na walirudi shuleni zaidi zilipofunguliwa. Sisi tuliofungiwa shule karibu miaka miwili tunaweza kujiuliza wasichana wetu walikuwa na mahali gani pa kukaa alasiri zile.

Na mahali ziliposhindwa

Klabu hizo hizo, zenye jina hilo hilo na kitabu hicho hicho, zilipelekwa Tanzania. Huko nako zilipimwa. Safari hii matokeo yalikuwa madogo sana. Katika mambo mengi wachunguzi hawakuona tofauti kati ya penye klabu na pasipo nayo. Walipotafuta sababu, walikuta kwamba Tanzania mradi uliendeshwa kwa pesa chache zaidi, na mahali pa kukutania palikuwa pa shida. Palipoongezwa huduma ya mikopo midogo, wasichana walikuja zaidi na wakaweka akiba zaidi.

Tunalieleza hili kwa urefu kwa sababu tumelipata wenyewe. Tawi letu moja, ambalo hatutalitaja kwa kuwa wenyewe wanajijua, lilianzisha klabu ya wasichana wa kambi ya wafanyakazi. Siku ya kwanza walikuja 31. Wiki ya sita walibaki wanne. Kamati ilikaa ikaandika katika taarifa yake kwamba wasichana wa siku hizi hawana moyo wa kujifunza. Taarifa hiyo ingali faili mpaka leo, na tunaona haya kuisoma.

Aliyetuokoa ni mama mmoja mchuma chai. Alisimama mkutanoni akauliza, "Ndugu Katibu, mnakutana saa ngapi?"

Katibu akajibu, "Saa kumi jioni, Mama."

"Na maji ya jioni huchotwa saa ngapi kambini?"

Hakuna aliyejibu. Wanaume sita wa kamati, kila mmoja anaoga kwa maji yaliyochotwa na binti yake, na hapana hata mmoja aliyejua saa yanapochotwa. Mama akaendelea. Mahali tulipowaitia ni ofisi ya tawi, ambapo vijana wa kiume hukaa barazani kusikiliza mpira wa redioni, na kila msichana apitaye husemwa. Mlezi tuliyemchagua alikuwa mke wa kiongozi mmoja, mama mwenye heshima zake, lakini kila alichoambiwa na binti kilifika kwa mama wa binti kabla ya giza. Basi nani angefungua kinywa?

Tulibadili. Klabu ikahamia darasani, Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Mlezi mpya alikuwa fundi cherehani wa miaka 23, aliyeacha shule kidato cha pili kwa sababu ya mimba. Wazazi wengine walilalamika kwamba tumemweka mtu aliyeharibika awafundishe watoto wao. Tuliwaambia kwamba yeye ndiye anayejua njia ile ina mashimo wapi. Waliorudi walikuwa 17. Hawakuwa 31, wala hatutasema walikuwa 31. Lakini hao 17 walidumu.

Sanduku la kufuli tatu

Kosa letu la pili lilikuwa la pesa. Wasichana walitaka kuweka akiba, tukaziweka nyumbani kwa mtu mmoja mwaminifu. Mtoto wake akaugua, akazikopa kwa siku tatu, na siku tatu zikawa miezi mitano. Alizirudisha, lakini imani haikurudi naye.

Njia iliyo bora inajulikana, nayo si ngeni kwa wengi wenu. Mwaka 1991 shirika la CARE lilianza huko Niger, pamoja na wanawake wa vijijini, vikundi vya kuweka na kukopa ambavyo sasa vimeenea Afrika nzima. Sanduku la chuma lina kufuli tatu, na funguo wanazo watu watatu tofauti ambao si mweka hazina. Sanduku halifunguliwi ila mkutanoni, mbele ya wote. Kila mmoja ananunua hisa, kuanzia moja hadi tano kwa kila mkutano, na hisa huandikwa katika daftari lake. Mwanachama anaweza kukopa na kurudisha na ada kidogo. Mwisho wa mwaka zote hugawanywa kwa kadiri ya hisa. Wasichana 20 wakiweka shilingi 1,000 kila mmoja kwa wiki, kwa wiki 52 ni shilingi 1,040,000, bila kuhesabu ada za mikopo.

Lakini sikilizeni jambo ambalo halimo katika vitabu vya mradi. Binti asiye na kipato, ukimwambia alete shilingi 1,000 kila wiki mbele ya wenziwe, ataitafuta. Na mahali pa karibu pa kuipata ni kwa mwanamume. Tumeliona. Kwa hiyo hisa iwe ndogo, hata shilingi 200, na ianze baada ya klabu kuwa na kazi yake ya kuingiza pesa: bustani ya mboga, kuku, au sabuni ya kupima. Na asiyeleta wiki hiyo asitajwe jina.

Juu ya kazi yenyewe, tuna neno moja kama watu wa kazi. Karibu kila mradi hufundisha kushona. Mkifundisha mafundi 60 katika mji mdogo mmoja, bei ya kushona gauni inashuka na wote 60 wanashinda na njaa nadhifu. Tazameni mfano wa MakaPads. Dk. Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere alibuni njia ya kutengeneza pedi za wanawake kwa mafunjo, yale majani ya kinamasini, pamoja na karatasi zilizotumika. Zikatengenezwa hata katika makazi ya wakimbizi ya Kyaka II, wakimbizi wenyewe wakiwa ndio wafanyakazi, na zikagawiwa kwa wanawake na wasichana wakimbizi. Hapo bidhaa, mnunuzi na ajira vilifikiriwa pamoja. Ziwa Nakivale nalo lina mafunjo yake.

Sheria inayopasa kufundishwa katika klabu

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inasema mwanamume na mwanamke wanaweza kuoana wakiwa na miaka 18 na zaidi. Sheria ya Watoto ilivyorekebishwa mwaka 2016 inaweka miaka 16 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inakataza mtoto kufanya kazi usiku, na inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 aweke hatua za kuzuia udhalilishaji wa kijinsia kazini. Kila msichana wa klabu aijue hii ya mwisho kabla hajapanga foleni ya kibarua mbele ya nyapara. Nasi tulioko ndani tuulize hatua hizo zimebandikwa wapi, maana wengi wetu hatujaziona.

Kwa ndugu zetu wa Nakivale kuna jambo kubwa zaidi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi, tena inataja kwa maneno haki yake ya kujiunga na vyama visivyo vya siasa na visivyo vya faida, pamoja na vyama vya wafanyakazi. Kijana wa Kabazana anayevuna ndizi za mtu Kaberebere anaweza kuwa mwanachama wetu. Tukimwacha nje kwa sababu ni mgeni, mwenye shamba atamchukua kwa nusu ya ujira, na baada ya hapo tutamlaumu yeye.

Kwamba sheria huweza kusogezwa na vijana wenyewe, jirani zetu wameonyesha. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa na miaka 15 kwa idhini ya wazazi, hata 14 kwa idhini ya mahakama, hali umri wa kawaida wa mvulana uliwekwa kuwa 18. Rebeca Gyumi wa Msichana Initiative alikwenda mahakamani. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba. Serikali ikakata rufani, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana na Mahakama Kuu. Wengine walimcheka kwamba msichana mmoja anashindana na serikali. Alikuwa mwanasheria, alikuwa na chama, na alikuwa na vifungu vya Katiba mkononi.

Lakini Uganda tunayo miaka 18 katika Katiba tangu 1995, na bado tunazo zile mimba 24 katika 100. Sheria bila mtu wa kumkimbilia saa mbili usiku haimsaidii binti.

Vijana wa kiume je?

Wengi watauliza hili, na ni haki. Mvulana asiye na kazi Mbarara naye anahitaji mlezi, naye anadanganywa na mawakala wa kazi za nje na wauza pombe. Maoni yetu ni kwamba awe na klabu yake, na siku moja kwa mwezi wakutane wote. Tulipowachanganya tangu mwanzo, wavulana walishika uenyekiti, na wasichana wakawa wapishi wa chai. Ilichukua mikutano miwili tu.

Mgeni akifika na mabango

Eneo la Nakivale lina mabango ya mashirika mengi kando ya barabara, na fulana zake ni nyingi kuliko mabango. Si vibaya, wengine wamefanya kazi kubwa. Lakini kamati ya tawi inapoombwa iwakusanye wasichana, ina haki ya kuuliza. Mtakaa miaka mingapi? Klabu ya ELA ilipimwa baada ya miaka minne, nanyi mnataka kupima baada ya miezi sita. Mlezi ni nani, analipwa na nani, na mradi ukiisha atalipwa na nani? Binti akisema mambo yaliyompata nyumbani, mtampeleka wapi, na gari la kwenda hospitali ya Mbarara litalipiwa na nani? Walioacha klabu watahesabiwa au watahesabiwa waliobaki tu? Picha za watoto wetu mtazipeleka wapi? Shirika zuri halikasirishwi na maswali haya. Tumekutana na moja lililokasirika, likaenda kijiji cha pili.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika kambi au mtaa wenu, maji ya jioni huchotwa saa ngapi, na nani huchota? Kama hakuna anayejua, ahirisheni mkutano mpaka mmeuliza.

2. Katika shamba au kiwanda chenu kuna wafanyakazi wangapi walio chini ya miaka 18? Wanafanya kazi gani, na wanalipwa kiasi gani ukilinganisha na mtu mzima wa kazi hiyo hiyo?

3. Mradi mmoja umetangaza kwamba wasichana wenye kipato "wameongezeka maradufu". Mwanzoni walikuwa 2 katika 50. Sasa ni wangapi? Je, mngeendelea kuuchangia?

4. Tajeni msichana mmoja wa mtaa wenu, mwenye miaka kati ya 20 na 25, ambaye wadogo zake wangemweleza siri. Msimtaje mke wa kiongozi.

5. Mmepata wanachama wangapi wakimbizi katika tawi lenu? Kama hakuna, ni kwa sababu walikataa, au kwa sababu hawakuulizwa?

Majibu ya swali la 2 yaandikwe na kuletwa kwa karani wa tawi kabla ya mwisho wa mwezi, bila majina ya watoto.